Hesabu ya Ada ya Kumi: Kuanza Uwakala wa Bima ya Mazishi Marekani

Bima ya mazishi wanayouziwa wazee Marekani ni bima ya maisha ndogo. Mara nyingi ni ya dola 5,000 hadi 25,000, kwa watu wa miaka 50 hadi 85. Hakuna kupimwa damu wala mkojo, ada haipandi, na mkataba haufi kwa sababu mteja amezeeka. Pesa hulipwa mnufaika mkononi, naye ndiye anayezipeleka nyumba ya mazishi. Kwa nini watu wanainunua? Mwaka 2023 NFDA, chama cha wenye nyumba za mazishi cha nchi hiyo, kilitaja dola 8,300 kuwa gharama ya kati ya maziko yenye kuaga mwili, kabla ya kiwanja cha kaburi na jiwe lake. Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, hutoa dola 255, mara moja tu, na si kila familia inazipata.

Matangazo ya kutafuta mawakala husema kazi hii haidai digrii, na unajipangia saa zako. Hapo hayadanganyi. Yasichokuambia ni kwamba kamisheni unayopokea wiki ya kwanza bado si yako.

Chukua mkataba wa ada ya dola 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Kiwango chako kikiwa asilimia 100 ya ada ya mwaka, kamisheni ya mwaka wa kwanza ni hiyo 720. Kampuni haisubiri mwaka uishe, hukutangulizia miezi 9, dola 540, mara nyingi siku chache tu baada ya mkataba kupitishwa. Mteja akilipa miezi mitatu akaacha, ulichochuma ni dola 180. Zile 360 ni deni. Zitakatwa kwenye mauzo yako yanayofuata, na usipokuwa na mauzo utadaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote. Ukihamia kwingine bila kulipa, jina lako linaweza kuingizwa Vector One, daftari la madeni ya mawakala ambalo kampuni nyingi hulifungua kabla ya kumpokea mtu. Ada ya 9 ikishalipwa, ile 540 ni yako kweli, na kuanzia ya 10 hadi ya 12 unaingiziwa dola 60 kila mwezi. Kwa hiyo kila uamuzi, tangu jina unalonunua (la mtu aliyeomba kuelezwa bima) hadi tarehe ya makato ya ada benki unayoandika kwenye fomu, upime kwa swali hilo: ada ya kumi italipwa?

Leseni na mkataba wa uwakala

Leseni ni sehemu nyepesi, tusikae hapo. Unaichukua katika jimbo unaloishi, upande wa bima ya maisha. New York hudai darasa la saa 20 kabla ya mtihani, Texas haidai darasa lolote, na majimbo mengine yana yake. Alama ya kufaulu katika majimbo mengi ni 70. Baada ya mtihani ni alama za vidole, maombi kupitia tovuti ya NIPR, sajili ya kitaifa ya mawakala wa bima, kisha unapewa namba yako ya kitaifa ya uwakala, NPN. Utahitaji pia mafunzo mafupi ya kuzuia utakatishaji wa fedha, na bima ya makosa ya kikazi inayogharimu dola mia kadhaa kwa mwaka. Usiuze katika jimbo ambalo huna leseni yake, hata kama mteja ni shangazi yako. Kinachohesabika ni mahali mteja alipo anaposaini.

Wengi huumizwa kwenye mkataba na IMO, shirika linalosimama kati yako na kampuni za bima. Kabla ya kusaini, uliza mambo manne na upewe majibu kwa maandishi. Kiwango changu ni asilimia ngapi kwa kila kampuni? Natangulizwa miezi mingapi, na naweza kuomba ipunguzwe? Majina ninayonunua ni yangu, au nikiondoka yanabaki kwenu? Nikitaka kuhama, mtaniachilia? Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa. Bila barua ya kuachiliwa, unaweza kukaa miezi kadhaa ukisubiri kuuza bidhaa zilezile kupitia mlango mwingine. Anayeanza huwa anapewa kati ya asilimia 70 na 100. Wakikuahidi majina ya bure, tazama kiwango: kikiwa 50 au 60, umeshayalipia. Na mkuu wako akisema pesa zipo kwenye kuandikisha mawakala chini yako badala ya kuuza, kumbuka kwamba deni la wakala wako likishindikana kulipwa, linapanda hadi kwako.

Omba kutangulizwa miezi 6 badala ya 9 kwa nusu mwaka wa kwanza. Itauma mfukoni, lakini makosa yako ya mwanzo yatakugharimu kidogo.

Majina

Jina la mtu aliyejaza kadi ya posta na kuirudisha ni ghali kuliko la mtu aliyebonyeza tangazo Facebook, lakini aliyetafuta kalamu na kuandika umri wake kwa mkono kwa kawaida anakumbuka alichoomba. Tuseme umenunua majina 20 kwa dola 45 kila moja, jumla 900. Ukifunga mikataba mitatu kama ule wa juu, unatangulizwa 1,620, zinabaki 720 kabla ya mafuta na kodi. Mkataba mmoja ukifa baada ya kulipwa ada tatu, unabaki na 360. Ndiyo maana mtu mwenye dola 500 benki asiache kazi yake. Weka pesa za majina za wiki nane hivi kando kabla ya kununua la kwanza.

Kataa majina yaliyopatikana kwa tangazo linalofanana na barua ya serikali. Mzee anafungua mlango akidhani umemletea msaada wa bure, anasaini kwa heshima, binti yake anakuja Jumapili, na mkataba unafutwa. Sheria inampa siku za kurudisha mkataba na kurudishiwa pesa zake zote, kwa kawaida 10 hadi 30 kulingana na jimbo.

Simu za biashara zinaruhusiwa kati ya saa 2 asubuhi na saa 3 usiku kwa saa za huko aliko mteja, na namba zilizo kwenye orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa usiziguse bila idhini. Baadhi ya majimbo ni makali zaidi ya hapo.

Mfuko wa dawa

Ukishaketi mezani, usiulize "Una ugonjwa gani?" Utajibiwa "Mzima, namshukuru Mungu," na mjibu hadanganyi. Kwake presha iliyotulizwa na dawa si ugonjwa. Mwombe alete dawa zote, hata zile za kwenye droo karibu na kitanda, azimwage mezani. Chukua chupa mojamoja, andika jina, kipimo, daktari, tarehe ya mwisho ya kuchukuliwa, kisha uliza: hii ni ya nini, na tangu lini?

Lisinopril peke yake ni presha, haizuii kitu. Metformin ni kisukari cha vidonge, kampuni nyingi hukipokea bila tatizo. Insulini inabadilisha mambo, hasa kama ilianza mtu akiwa kijana. Gabapentin ni ya mtego: ikiwa ya maumivu ya mgongo, endelea, lakini ikiwa ya miguu inayowaka moto kwa sababu ya sukari, kampuni nyingine zitamsogeza kwenye mkataba wa kusubiri, usiolipa kiasi chote miaka ya mwanzo. Furosemide inaweza kuwa ya kuvimba miguu tu, au ya moyo ulioshindwa kusukuma damu, na tofauti ya hayo mawili ni kupokewa au kukataliwa. Chupa ndogo ya nitroglycerin, hata kama haijafunguliwa, inamaanisha kuna daktari aliyewahi kuhofia moyo. Donepezil ni ya kupoteza kumbukumbu. Ukiiona, maombi yasimame hapo, kwa sababu maswali ya afya yatamkataa na wewe huna uhakika anaelewa anachosaini.

Unafanya yote haya kwa sababu kampuni itavuta historia ya dawa alizochukua kwenye maduka kwa miaka kadhaa nyuma, mara nyingine mkiwa bado mezani. Usichokiuliza wewe, kompyuta itakijibu.

Ukijua afya ndipo uchague kampuni. Mkataba kamili hulipa kiasi chote tangu siku ya kwanza. Wa ngazi hulipa sehemu, kwa mfano asilimia 30 mwaka wa kwanza na 70 wa pili, kisha kiasi chote. Usio na maswali ya afya kabisa hurudisha ada pamoja na asilimia 10 hivi mteja akifa kwa ugonjwa ndani ya miaka 2, na ada yake ni ya juu. Wakala mvivu humpa kila mtu huu wa mwisho. Mteja analipa zaidi kwa ulinzi mdogo hadi wakala mwingine anapopita na kumwonyesha bei, na hapo ada ya kumi haitalipwa.

Kosa baya kuliko hilo ni kumwambia mteja ajibu "hapana" pale penye "ndiyo". Kampuni ina miaka 2 ya kuyachunguza maombi. Akifa ndani ya muda huo na uongo ukaonekana, familia inarudishiwa ada tu, na leseni yako iko hatarini.

Tarehe ya makato

Mikataba mingi inayokatika mapema inakufa kwa sababu makato yaligonga akaunti tupu. Mteja hakuwa amebadili nia. Pesa za Social Security huingia kwa ratiba, nayo ni rahisi kukariri: aliyezaliwa tarehe 1 hadi 10 hulipwa Jumatano ya pili ya mwezi, 11 hadi 20 Jumatano ya tatu, 21 hadi 31 Jumatano ya nne. Aliyeanza kulipwa kabla ya Mei 1997 hupata tarehe 3. Wa SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hupata tarehe 1, au siku ya kazi iliyotangulia ikiwa tarehe 1 ni mapumziko.

Sasa mama aliyezaliwa tarehe 14 analipwa Jumatano ya tatu, ambayo huangukia popote kati ya tarehe 15 na 21. Ukiandika makato tarehe 15 "kwa sababu ni katikati ya mwezi", kuna miezi utapata na kuna miezi utakosa. Kampuni nyingi za soko hili zina kisanduku kwenye fomu cha kufuatisha makato na siku ya Social Security. Kitie alama. Kama hakipo, andika tarehe 22. Akitaka kulipa kwa kadi ya Direct Express, ambayo serikali huwekea malipo hayo, uliza kwanza kama kampuni inaikubali, na ujue kadi za aina hiyo hukwama mara nyingi kuliko akaunti ya benki.

Na ada yenyewe? Mzee wa dola 1,100 kwa mwezi anaweza kukubali ada ya 95 mbele yako kwa aibu. Mpe viwango vitatu, mwache anyamaze, achague. Akichagua cha chini, mwandikie cha chini. Dola 5,000 zinazolipwa siku ya msiba zinamfaa kuliko 15,000 zilizokatika Machi.

Ukiwauzia watu wa nyumbani

Wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani wana desturi yao tayari, michango ya rambirambi. Usiibeze, kwani inafanya kazi. Bima inafaa pale mwili unaposafirishwa Dar, Mombasa au Bujumbura na kikundi kimeshachangia misiba miwili mwezi huohuo. Mwislamu akikuambia bima kwake ina shaka ya riba, mshukuru kwa chai, uondoke. Si swali lako kulijibu.

Mnufaika akiwa nyumbani Afrika inawezekana, lakini kampuni itamtaka ajaze fomu ya kodi ya W-8BEN na kutuma vitambulisho, na hundi ya dola kijijini ni kazi nyingine. Ni bora awe ndugu aliyeko Marekani mwenye akaunti ya benki, na wa pili awepo ikiwa wa kwanza atatangulia. Mtoto wa chini ya miaka 18 usimweke, mahakama itaingia kati. Kama mteja hajui Kiingereza, uliza kampuni kabla ya maombi kama ina mkalimani wa mahojiano ya simu. Usimjibie wewe kwa sauti yake, maana simu hurekodiwa.

Kodi: utapokea fomu ya 1099, inayoonyesha mapato ya aliyejiajiri, na hakuna anayekukatia kitu. Kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, na ya mapato iko juu yake. Tenga robo ya kila malipo, ulipe Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15.

Kabla hujatoka nyumbani kwa mteja, mwambie jina la kampuni litakaloonekana kwenye taarifa ya benki, maana mara nyingi si lile lililo kwenye kadi yako, na watu hufuta makato wasiyoyatambua. Liandike kwa herufi kubwa kwenye bahasha pamoja na namba ya mkataba, kiasi na tarehe, akaibandike mlangoni mwa friji. Kisha mpigie mnufaika mkiwa wote mezani. Mweleze ilipo bahasha, mwombe asome jina la kampuni kwa sauti kama alivyoliandika. Siku mbili kabla ya makato ya kwanza piga tena, uulize kama pesa imeingia.