Benki Hailipi Ufuta, Inalipa Karatasi

Makontena yetu 5 ya ufuta yaliingia bandari ya Dar es Salaam tarehe 26 Julai. Kila moja lilibeba magunia 380 ya kilo 50, yaani tani 19, jumla tani 95. Kaka yangu ndiye aliyeununua mzigo huo kwenye minada ya vyama vya ushirika mkoani Lindi. Tuliuchekecha upya ghalani, tukaufukiza dawa, tukaupima. Ulikuwa ufuta mweupe, mkavu, wa kujivunia. LC (letter of credit), yaani ahadi ya benki ya mnunuzi ya kutulipa, ilitaka uwe umepakiwa melini kabla tarehe 31 Julai haijaisha, nami nikaona siku zilizobaki zinatosha. Meli ikatia nanga nje ya bandari ikingoja zamu ya gati. Ufuta wetu ulipanda melini tarehe 2 Agosti.

Siku mbili hizo zilitutoa dola 7,600.

Benki ya mnunuzi huko China ilituma ujumbe wenye kasoro moja tu: mzigo umepakiwa baada ya tarehe ya mwisho. Mnunuzi hakusema hautaki. Alisema ataisamehe kasoro hiyo tukimpunguzia dola 80 kwa kila tani, maana wiki zile bei ya ufuta ilikuwa imeshuka. Wakati huo meli ilikuwa imeshavuka Colombo. Kaka akanipigia simu akiwa Nachingwea, sauti imemkauka.

"Mdogo wangu, kwani ufuta umeharibika?"

"Hapana, kaka. Ufuta hata hawajauona. Wamekataa tarehe."

Nimeshughulikia nyaraka za kusafirisha mazao kwa miaka kadhaa sasa, na jambo ninalotaka mfanyabiashara mwenzangu alishike ni lile lililonigharimu siku ile. Benki haijui ufuta, haijui kahawa, haijui mbaazi. Inajua karatasi. Ukiwa na mzigo safi na karatasi mbovu, mbele ya benki huna kitu.

LC wengine huiita barua ya mkopo, na jina hilo huwapoteza wengi, kwa sababu wewe muuzaji hukopeshwi chochote. Ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwako: niletee karatasi hizi, zilizoandikwa hivi, kabla ya siku hii, nitakulipa. Ahadi hiyo inasimama peke yake, mbali na mkataba wenu wa mauziano. LC nyingi duniani hufuata kanuni ziitwazo UCP 600, zilizotungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris, na zinazotumika tangu tarehe 1 Julai 2007. Kifungu cha 5 cha kanuni hizo kinasema wazi kwamba benki hushughulika na nyaraka, haishughuliki na bidhaa. Nimekiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani juu ya meza yangu.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza, ya miaka ya 1920, ambayo mimi huwasimulia vijana wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwetu. Kampuni ya Dawson ilikuwa inanunua vanila kutoka Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Iliiagiza benki yake ilipe kwa cheti cha ubora kilichosainiwa na wataalamu. Agizo lilipita kwa simu ya maandishi ya mafumbo, na fumbo lile lile lilisomeka mtaalamu au wataalamu. Benki ikalipa kwa cheti cha mtaalamu mmoja. Mzigo ulipofunguliwa, vanila ilikuwa kidogo sana, kwingine kumejaa vijiti, mawe na vyuma chakavu. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko wakati huo, liliamua kwamba benki haina haki ya kurudishiwa fedha na mteja wake, kwa sababu iliagizwa wataalamu ikakubali mtaalamu. Mswahili anaielewa kesi hiyo upesi kuliko wengi: benki nzima ilianguka kati ya m- na wa-. Tangu hapo utaona kwa nini yule ofisa wa benki anasoma karatasi zako akiwa na rula mkononi, mstari kwa mstari. Anailinda benki yake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mzito kuliko yote, ni kuisoma LC siku ile ile inapofika, kabla hujanunua gunia la ziada, kabla hujaagiza kontena. Wengi wetu tukipigiwa simu na benki kwamba LC imefika, tunafurahi kana kwamba fedha imeingia, tunaiweka kwenye faili na kukimbilia ghalani. Tunaifungua tena mzigo ukiwa umeshaondoka. Wakati huo huwezi kubadili kitu bila mnunuzi kukubali, na mnunuzi hatakubali bure. Lakini siku LC inapofika, mnunuzi bado anauhitaji mzigo wako. Akiombwa marekebisho, anakwenda benki kwake anayafanya. Mimi kosa langu halikuwa tarehe 2 Agosti. Lilikuwa nyuma zaidi, siku nilipopokea tarehe ya mwisho ya 31 Julai bila kumuuliza wakala wa meli foleni ya bandarini ikoje. Na hata tarehe 28 Julai, meli ikiwa bado nangani, ningeweza kuomba siku 10 za nyongeza. Niliona haya kumsumbua mnunuzi.

Soma kwanza tarehe, na zipo tatu. Ya kwanza ni mwisho wa kupakia. Ya pili ni siku ambazo karatasi zote lazima ziwe zimefika benki tangu mzigo upakiwe. LC isiposema, kanuni inakupa siku 21, lakini wanunuzi wengi huandika 15, wengine 10. Jiulize kama hati ya shehena itatoka kwa wakala wa meli, cheti cha asili kitatoka TCCIA, yaani chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima ya Tanzania, na cheti cha afya ya mimea kitakuwa mkononi, vyote ndani ya siku hizo. Ya tatu ni siku LC yenyewe inapokufa, na hapo tazama pia mahali inapofia. Ikisema inakwisha Tanzania, ukikabidhi karatasi kwenye benki yako hapa siku ya mwisho, uko salama. Ikisema inakwisha China, karatasi zinatakiwa ziwe zimefika kule siku hiyo, na bahasha ikichelewa njiani mwenye hasara ni wewe. Neno hilo moja la mahali mimi sasa silikubali, nitaomba libadilishwe hata kama tarehe ni ya mbali.

Baada ya tarehe, tazama kiasi. Kanuni hukuruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 ya uzito, mradi fedha unayodai isizidi ile ya LC. Ila ruhusa hiyo haipo LC ikihesabu magunia au maboksi. LC ikisema tani 95, ukipakia tani 94 na nusu uko ndani. Ikisema magunia 1,900, ukapakia 1,899 kwa sababu moja limechanika ghalani, umeshaingia kwenye kasoro. Kwa hiyo mwambie mnunuzi aandike tani.

Maelezo ya bidhaa yanakiliwe kwenye ankara kama yalivyo kwenye LC. Usiyaboreshe. Karatasi nyingine zinaweza kuitaja bidhaa kwa jina la jumla bila kupingana nayo, lakini ankara ni lazima ilingane. Kuhusu makosa ya herufi, usikose usingizi kwa sababu LC imeandika Limited na cheti kimeandika Ltd. Hilo benki hulikubali. Lakini jina la kampuni yako likikosewa kweli, likawa jina la kampuni nyingine, omba marekebisho siku ile ile. Kubishana na benki ya mbali kwamba wewe ndiye huyo ni kazi ya wiki, na riba ya mkopo wa msimu haikungoji.

Sasa hati ya shehena, ile tunayoiita BL. Hii ndiyo roho ya bahasha nzima, kwa sababu si risiti ya mzigo tu, ni ufunguo wa mzigo. Kwa kawaida hutolewa nakala asili 3, na yeyote anayefika kwa wakala wa meli na moja tu kati ya hizo, ikiwa imesainiwa inavyotakiwa nyuma, anapewa mzigo, na mbili zilizobaki zinakufa. Kwa hiyo LC ikikutaka upeleke 2 benki, na ya tatu umtumie mnunuzi moja kwa moja ili awahi kutoa mzigo, simama hapo. Atakuwa na ufunguo kabla hujalipwa. Benki ikikataa karatasi zako kwa kasoro ndogo, yeye ameshachukua makontena, na wewe umebaki na karatasi mbili zisizofungua mlango wowote. Nimeona muuzaji wa mbaazi akilia kwa jambo hili, mtu mzima, kwenye benchi la benki mjini Dar es Salaam. Zote 3 ziende benki. Na iandikwe kwa amri (to order), isiwe kwa jina la mnunuzi, ili mzigo uwe mikononi mwa aliye na karatasi.

Omba rasimu ya BL kabla haijachapwa na uisome huku LC iko pembeni: jina la bandari, namba za makontena, namba za lakiri, uzito, na kama nauli imelipwa au italipwa kule. Inayoheshimiwa kwenye LC ya bahari ni ile inayosema mzigo umepakiwa melini, pamoja na tarehe. Ile inayosema mzigo umepokelewa kwa ajili ya kupakiwa haitoshi hadi igongwe muhuri wa kupakiwa na tarehe yake. Na tarehe hiyo ndiyo benki inayohesabia, hata kama mzigo wako umekaa bandarini wiki nzima.

Siku ile yetu, mtu mmoja alinishauri BL irudishwe nyuma isomeke 31 Julai, nasi tumwandikie wakala wa meli barua ya kubeba lawama yakitokea matatizo. Nilikataa na ningekataa tena. Huo ni udanganyifu wa nyaraka. Na siku hizi mwenye simu mkononi anaweza kufuatilia meli kwenye intaneti, akajua ilifunga gati lini na kuondoka lini. Dola 7,600 zinauma, lakini tulizirudisha msimu uliofuata. Jina likichafuka kwa wanunuzi wa ufuta halirudi.

Kuna mtego mwingine ambao haufanani na mtego. LC inadai cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mwakilishi wa mnunuzi, na saini ilingane na iliyopo benki kwake. Ukikubali, umemkabidhi mnunuzi swichi ya malipo yako. Bei ikipanda mwakilishi anakuja kusaini, ikishuka hapatikani kwenye simu. Taka cheti cha kampuni huru ya ukaguzi, itajwe kwa jina kwenye LC.

Na wewe unayeagiza mashine au vitambaa kutoka nje, geuza haya yote upande wa pili. LC haikukingi na bidhaa mbovu, karatasi zikiwa safi benki italipa tu. Cheti cha ukaguzi cha mtu huru ndiyo jicho lako kule, kiweke kwenye orodha ya nyaraka.

Karatasi zikishafika, benki ina siku 5 za kazi za kuamua. Ikikataa, lazima itaje kasoro zote kwa ujumbe mmoja, haiwezi kurudi kesho na mpya. Soma ujumbe huo pole pole na dada au kaka wa benki yako, kasoro nyingine zinapingika kabisa kwa kanuni. Nyingine zinarekebishika kama siku bado zipo, ndiyo maana mimi hupeleka karatasi ndani ya siku 5 za kupakia, siku zilizobaki ziwe akiba.

Msimu uliopita LC ilifika Jumanne, ya tani 114. Nilikaa nayo saa mbili na kalamu nyekundu. Nilikuta mambo matatu: inakwisha China, imehesabu magunia, na mwisho wa kupakia ulikuwa siku 18 tu mbele. Nikamwandikia mnunuzi jioni ile ile. Kaka alikuwa mnadani, bei inapanda, akanipigia kila siku kuuliza kama anunue. Nikamwomba angoje. Ijumaa alikasirika hadi akakata simu. Jumatatu saa nne asubuhi benki ikatuletea marekebisho, yote matatu yamekubaliwa, nikampigia.

"Kaka, sasa nunua."