Mtoto wa Kitabuni na Mtoto wa Mwaloni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtu mzima anatafuta nini katika vitabu vya watoto hata avisomee chuo kikuu? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ilemela, Mwanza, na nilipojiendeleza kwa shahada ya Kiswahili niliichagua fasihi ya watoto kuwa mada ya tasnifu yangu. Wapo walionishauri nitafute mada nzito zaidi. Nimekaa na swali hili muda mrefu, kwa hiyo naomba nafasi ya kulijibu kwa kirefu kidogo.

Kitabu cha watoto huandikwa na mtu mzima, huhaririwa na mtu mzima na hununuliwa na mtu mzima, ndipo kimfikie mtoto. Anayekisoma kwa makini hukuta ndani yake yule mtoto ambaye wakubwa wa zama fulani walimtamani au walimwogopa, na mara nyingi huyo hafanani na mtoto aliyekuwa akicheza uani kwao.

Tazama Uingereza. Mwaka 1671 mhubiri James Janeway alianza kuchapisha habari za watoto wacha Mungu waliokufa wangali wadogo, wakiwausia wazazi wao wakiwa kitandani, kwa sababu kwake mtoto alikuwa kwanza kabisa roho iliyo hatarini. Miaka 73 baadaye, mwaka 1744, mchapishaji wa London aitwaye John Newbery alitoa kitabu kidogo kilichouzwa pamoja na mpira kwa mvulana, au kifuko cha kuchomekea pini kwa msichana, kwa kuwa kufikia wakati huo mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke, kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa kufurahishwa, yalikuwa yameenea. Ujerumani nako, katika chapa ya kwanza ya ngano zilizokusanywa na ndugu wawili Grimm, ya mwaka 1812, aliyetaka Hansel na Gretel wakatelekezwe msituni alikuwa mama yao mzazi, lakini katika chapa za baadaye akageuzwa kuwa mama wa kambo. Familia ilikuwa imeanza kutukuzwa, na mama mzazi hakuweza tena kuonekana hivyo.

Mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alikwenda mbali zaidi mwaka 1960, akadai kwamba jamii ya Ulaya ya Zama za Kati haikuwa kabisa na dhana ya utoto. Mwaka 1983 Linda Pollock alimpinga kwa kusoma shajara za wazazi wa kuanzia karne ya 16, akaonyesha jinsi walivyowapenda na kuwalilia watoto wao. Mimi naegemea upande wa Pollock: upendo ulikuwapo, kilichobadilika ni kile ambacho wakubwa waliamini kuwa mtoto anakihitaji.

Mjadala huo ulinirudisha nyumbani, kisiwani Ukerewe, kwenye jiko la bibi yangu. Bibi alitusimulia hadithi ya msichana aliyerudi peke yake ufukoni kufuata kombe lake, zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma na kumtembeza kijiji kwa kijiji, likiipiga ngoma naye akiimba. Wimbo wa msichana tuliupokea sisi watoto, na bibi alinyamaza hadi tuutoe sawasawa. Wazazi waliitambua sauti, wakalishibisha zimwi hadi likalala, wakamtoa mtoto na kuijaza ngoma nyoka na nyuki. Zimwi lilikufa, nasi tukaenda kulala tukiwa na hofu na furaha kwa pamoja. Miaka mingi baadaye niliikuta hadithi hiyo hiyo katika kitabu cha ziada darasani kwangu. Humo zimwi halifi, linakimbilia porini; wimbo umefupishwa ukawa mstari mmoja; na sentensi ya mwisho inamwambia msomaji awatii wazazi wake. Kwa bibi, msichana aliokolewa na sauti yake mwenyewe. Kitabuni amekuwa mkosaji aliyesamehewa. Sidhani kama mwandishi alikuwa na nia mbaya. Alimwandikia mwanafunzi, na mwanafunzi ni mtoto wa aina nyingine.

Aina hiyo ilikuja kwetu na historia yake. Hapa hapa kando ya Ziwa Victoria, Novemba 1974, Azimio la Musoma liliweka lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi kufikia mwaka 1977, na mwaka 1978 Sheria ya Elimu ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Ni jambo jema mno, nami ni tunda lake. Lakini anayetaka kujua mtoto wa ziwani alikuwa nani kabla ya sare na kengele, amsome Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye riwaya yake ya Kikerewe aliikamilisha mwaka 1945, na tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ikachapishwa mwaka 1980. Si kitabu cha watoto. Ni habari ya mume na mke wanaohangaika kumpata mtoto, na mtoto anapozaliwa ni wa ukoo mzima kabla hajawa wa mtu yeyote.

Nije sasa kwenye mtoto aliyenifanya niamini kwamba masomo haya yana kazi. Darasa la Tano nilikuwa na msichana wa miaka 11 aliyechelewa sana, na rejista yake nilikuwa nimeijaza alama nyekundu. Siku moja nilipoifungua nikaona kuwa alama zile zinakuja kwa makundi: wiki mbili hivi za kuchelewa, kisha siku kadhaa za kuwahi bila kukosa. Alikuwa akifuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Mama yake ni mwanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, naye binti alimsaidia alfajiri kabla ya shule. Sitetei kuchelewa huko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na nilizungumza na mama yake, tukaelewana. Ila nilipopekua kabati letu la vitabu nikimtafuta mtoto kama huyu, niliwakuta wawili tu: mtoro anayeadhibiwa na yatima anayehurumiwa. Mtoto anayejua jambo ambalo mwalimu wake halijui hakuwamo.

Nililipa darasa insha, ‘Kazi Ninayoijua’. Yeye aliandika kwamba wingu likitanda upande wa ziwa dagaa hukusanywa haraka, kwa sababu wakinyeshewa huharibika na huishia kuuzwa kuwa chakula cha kuku, na kwamba mama yake huinusa hewa kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza. Nilimwomba aisome mbele ya wenzake. Alipofika kwenye kuwaanika mchangani, mvulana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: kwao hawaaniki tena mchangani, huanika kwenye chanja zilizoinuliwa juu ya ardhi, maana dagaa wa mchanga wateja huwakataa. Msichana akamjibu kwamba chanja ni za wenye mbao. Walibishana hadi kengele ikalia, nami nikawa naandika.