Ini Langu Limeharibika?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 46 na sinywi pombe. Katika vipimo vya damu nimekutwa na ALT 78, ilhali karatasi inaonyesha mwisho ni 40, AST 52, LDL, yaani lehemu mbaya, 4.4, na trigliseraidi, yaani aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, 3.2. Siumwi popote. Kaka yangu ameniletea dawa ya mizizi ya kusafisha ini, na nimesikia vidonge vya kushusha lehemu huliharibu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Hofu yako naielewa, lakini majibu haya hayasemi kwamba ini lako limekufa. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, na seli hizo zinapoumia huvivujisha kwenye damu; kwa hiyo 78 inaonyesha kwamba seli zinaumia, wakati uwezo wa ini kufanya kazi hutazamwa zaidi kwa bilirubini (rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na muda ambao damu huchukua kuganda. AST hutoka hata kwenye misuli, hivyo mwambie daktari wako ikiwa ulifanya kazi nzito au mazoezi makali siku chache kabla ya kupima.

Kinachonivutia zaidi ni trigliseraidi, ambayo hutakiwa kuwa chini ya 1.7. Ikiwa ulipima bila kufunga, rudia ukiwa umefunga. Ikibaki juu pamoja na ALT inayoizidi AST, jambo la kwanza ninalolishuku ni mafuta yaliyojikusanya ndani ya ini, hali inayowapata hata wasioonja pombe, hasa wenye kitambi au kisukari. Hata hivyo sitaki tubahatishe: omba upimwe homa ya ini B na C, sukari, na tezi ya thairoidi, ambayo ikizembea hupandisha lehemu mbaya, kisha ufanyiwe ultrasaundi ya tumbo.

Dawa ya mizizi tafadhali iweke kando, kwa sababu baadhi ya dawa za namna hiyo zenyewe huunguza ini, na ukishaanza kuinywa hatutajua tena ni nini kinachopandisha namba. Kama umeshaionja, mwambie daktari bila kuona haya. Ama statini, yaani vidonge hivyo vya kushusha lehemu, ongezeko la ALT lisilofika mara tatu ya kikomo, ambayo kwako ni 120, kwa kawaida halizuii kuzitumia, na mwenye mafuta kwenye ini huwa anazihitaji kuulinda moyo wake.

Ikithibitika ni mafuta, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 6 hadi 9 kwa mtu wa kilo 90, huliletea ini nafuu ya kweli, mradi upungue polepole. Vimeng'enya rudia kuvipima baada ya miezi mitatu hivi, lakini macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au tumbo likijaa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo.