Kabla hujamlipia mwanao kozi ya chuo mtandaoni, ulizeni kwanza

Wazazi wenzangu hapa Moshi wananiuliza sana kuhusu kozi alizosoma binti yangu mtandaoni kabla hajaingia kidato cha tano, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja. Ndiyo, inawezekana. Mwanafunzi wa sekondari akiwa nyumbani Pasua au Kiborloni anaweza kusoma somo la mwaka wa kwanza la chuo cha Marekani, akafanya mtihani wake, na krediti zikamsubiri mpaka atakapozihitaji. Ila krediti ina thamani pale inapokubaliwa tu, na wa kuikubali ni chuo atakachokwenda, siyo kile kilichomfundisha. Wazazi wengi wanalipa kabla ya kulielewa hilo, na inaniuma, maana hizi ni hela za ada.

Tutenganishe kwanza cheti na krediti. Kozi nyingi zinazotangazwa kwenye simu zetu humpa mtoto cheti cha kumaliza. Amejifunza, na ni jambo jema, lakini cheti hicho hakipunguzi somo hata moja chuoni. Krediti ni rekodi ya chuo chenye ithibati: ina msimbo wa somo, ina alama, inaingia kwenye transkripti, yaani hati rasmi ya matokeo ya chuo. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huwa krediti 120 hivi, na somo moja mara nyingi ni krediti 3. Msizichanganye na za kwetu. TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, huhesabu krediti moja kwa saa 10 za kusoma, na shahada ya miaka mitatu hufika krediti 360. Na kama mwanao analenga Chuo Kikuu cha Ushirika hapa hapa Moshi, au Dar, au Mzumbe, kozi hizi hazimfungulii mlango. Mlango ni matokeo ya kidato cha sita: angalau principal mbili zenye jumla ya pointi 4, na programu nyingine zinadai zaidi. Sisi tulizichukua kwa sababu binti anataka kuomba vyuo vya nje.

Kabla ya kulipa chochote, alikaa mezani akaandikia ofisi za wasajili wa vyuo alivyokuwa anavitamani. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alitaja jina la somo na msimbo wake, idadi ya krediti, chuo kinachofundisha, akaambatanisha muhtasari wa somo, kisha akauliza maswali mawili: je, mtazikubali krediti hizi? Na je, zitahesabiwa ndani ya shahada ya uchumi, au zitaingia kama somo la hiari tu? Swali la pili ndilo zito. Chuo kimoja kilijibu kwamba aljebra ingekubalika, lakini kwa uchumi wanataka kalkulasi, kwa hiyo aljebra ingekaa pembeni kama somo la hiari. Kingine kilisema hakipokei krediti zozote zilizosomwa kabla ya kumaliza sekondari. Majibu yale tuliyachapisha tukayaweka kwenye faili, kwa sababu maofisa hubadilika na taratibu hubadilika.

Kuna jambo jingine la kuuliza kwenye barua hiyo hiyo, nalo linamhusu hasa mtoto wa Kitanzania anayetegemea ufadhili. Vyuo vingi vya Marekani huweka msaada mkubwa wa fedha kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia kutoka chuo kingine hupata kidogo au hapati kabisa. Krediti zilizopatikana kabla ya kumaliza sekondari kwa kawaida hazimwondoi mtoto kwenye kundi la mwaka wa kwanza. Zilizopatikana baada ya kumaliza zinaweza kumwondoa, na kila chuo kina mpaka wake. Kwa hiyo ile miezi baada ya mtihani wa kidato cha sita, ambayo kila mtu huiona kama nafasi nzuri, ndiyo ya kuwa nayo makini zaidi. Usimlipie mtoto masomo manne kipindi hicho kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi.

Kwa maoni yangu muda mzuri ni kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kuripoti kidato cha tano mwezi Julai. Wenzake walikwenda tuisheni ya pre-form five. Yeye alikwenda tuisheni asubuhi, mchana akasoma kozi. Akishaingia bweni, simu hairuhusiwi, na kozi inayodai kazi kila wiki haiwezi kungoja likizo ya Juni. Mitihani ya AP, ile ya Marekani ya ngazi ya chuo kwa wanafunzi wa sekondari, nayo hufanyika Mei, mwezi ule ule wa mtihani wa kidato cha sita. Sitamshauri mtoto yeyote aibebe yote miwili. Na kama mwanao yuko UWC East Africa, Moshi au Arusha, anasoma IB, yaani mtaala wa kimataifa, usikimbilie kulipia kozi nyingine: vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti kwa masomo yake ya ngazi ya juu (Higher Level) yenye alama 5, 6 au 7.

Kuhusu bei, nilivutiwa na utaratibu wa kozi za mtandaoni wa chuo cha Marekani, Arizona State University, unaoitwa Universal Learner Courses. Tulipoangalia sisi, kuanza kulikuwa dola 25, na dola 400 unalipa baadaye, ukishaiona alama yako na kuamua kwamba unataka iingie kwenye transkripti. Dola 400 ni kama shilingi milioni moja hivi, si hela ndogo. Lakini transkripti ya chuo haifutiki, na kwa mtoto wa miaka 17 anayejaribu kwa mara ya kwanza, kuona alama kabla ya kulipa ni ulinzi mkubwa.

Saa nazo zina mtego wake. Kazi inayofungwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za Arizona, kwetu ni Jumatatu saa 3:59 asubuhi. Chuo cha upande wa New York kingefunga saa 12:59 asubuhi, na kuanzia Novemba, wanaporudisha saa zao nyuma, saa 1:59. Andikeni saa zetu kwenye kalenda ya ukutani tangu siku ya kwanza.

Siku ya mtihani inataka maandalizi ya nyumba nzima. Msimamizi anatazama kwa kamera. Binti alizungusha kompyuta kuonyesha kuta zote nne na chini ya meza. Ile kalenda ilibidi ishuke. Tulichaji betri usiku, maana masika umeme si wa kuutegemea, na tukaweka bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti. Getini tukabandika karatasi: "Kuna mtihani, tafadhali usipige hodi mpaka saa nane." Shangazi yake alifika na ndizi zake kutoka Kibosho, akaisoma, akakaa kibarazani kimya mpaka muda ulipoisha. Sauti ya mtu mwingine chumbani ingeweza kumfutia mtihani.

Kitambulisho chenye picha kitatakiwa pia. Chini ya miaka 18 hana cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa hakina picha, kwa hiyo pasi ya kusafiria ishughulikiwe mapema. Akaunti ya kozi ifunguliwe kwa majina yale yale yaliyo kwenye pasi na kwenye cheti cha NECTA, herufi kwa herufi, siyo jina la nyumbani. Wakati wa kuomba chuo ukifika, transkripti hutumwa moja kwa moja kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Nakala uliyoipakua mwenyewe kwa kawaida haipokelewi, na anayepokea huko hana namna ya kujua kwamba Neema na Neema-Grace ni mtoto mmoja.