Mama anasoma 34.8 na anasema hasikii baridi

Swali: Daktari habari. Mamangu ana miaka 74, ana sukari na presha, tunakaa Githurai. Tangu baridi ya Julai ianze themometa ya kwapani inasoma 35.2, jana asubuhi ikasoma 34.8. Yeye anasema hasikii baridi. Ni uzee tu ama niingize jiko chumbani?

Jibu: Ndugu yangu, jiko libaki nje. Gesi ya makaa haina harufu, watu hulala nayo wasiamke.

Sasa hiyo namba. Chini ya 35 kwa mtu mzima ni dharura, si ya kusema ni uzee, lakini kwanza hakikisha themometa haikudanganyi. Kwapa likiwa na jasho ama mkono haujabana inasoma chini, na hata ukipima vizuri kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo. Kausha, weka ncha katikati kabisa ya kwapa, abane mkono mpaka ilie. Zile za kuelekeza kwa paji la uso achana nazo asubuhi, zinapima ngozi iliyopigwa na baridi.

Kinachonisumbua mimi ni hiyo ya "hasikii baridi". Uzee hupunguza hisia ya baridi na sukari ya miaka mingi huua neva za ngozi, na kutetemeka kwa wazee kunaweza kukosa kabisa, kwa hivyo usingoje atetemeke. Ingiza mkono chini ya nguo ushike tumbo. Likiwa baridi, shida ipo. Alafu mwambie afunge vifungo vya sweta huku mnaongea: vidole vikigoma, maneno yakivuta, akichanganya siku ama akisinzia katikati ya stori, piga 999 ama tafuta gari saa hiyo hiyo.

Na usifurahi eti hana homa. Mzee akiwa na nimonia ama infeksheni ya mkojo joto linaweza kushuka badala ya kupanda, hii hupita watu wengi sana. Sukari ikishuka pia joto hushuka na anachanganyikiwa vilevile, so mpime sukari kabla ya kitu kingine, ikiwa chini ya 4 (mmol/L) na anameza vizuri mpe chai ya sukari.

Mkiwa mnangoja gari, toa nguo zenye unyevu, blanketi kwa kifua na tumbo kwanza, marvin kichwani, uji wa moto kiasi kama yuko macho. Usimsugue mikono na miguu. Chupa ya maji moto ifungwe kwa leso, mgonjwa wa sukari huungua bila kujua. Na mjomba asilete kale ka brandi ka kupasha mwili, pombe hufungua mishipa ya ngozi joto likatoka.

Ukirudia vizuri na bado iko chini ya 35, hata akiwa anacheka, mpeleke leo. Beba dawa zake zote, hasa za usingizi kama anatumia, na uulize kama wanaweza kupima taeroidi, ile tezi ya shingoni, kwani ikilegea mwili hupoa.