Kwa wadogo zangu mnaoanza upasuaji wa watoto

Jumatatu iliyopita, wakati wa kukabidhiana zamu, nilimsikia mmoja wenu akisema "wagonjwa wote wako vizuri" kisha akafunga daftari, ilhali mtoto wa kitanda cha nne alikuwa ametapika mara tatu usiku, na sista aliyemhudumia alikuwa amesimama pale pale bila kuulizwa neno. Nimeliona kosa hilo kwa miaka mingi, na kwa kuwa nawapenda, safari hii sitanyamaza.

1. Kila mtu ataje jina na kazi yake kabla ya kisu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ilijaribiwa katika miji minane duniani, na Ifakara yetu ilikuwa mmojawapo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ni mambo ya kuletewa tu. Muuguzi aliyekwisha kusikika mwanzoni huwa mwepesi wa kusema baadaye, anapoona jambo haliendi sawa.

2. Mtoto mchanga apimwe joto na sukari kabla ya kutoka wodini na mara tu anaporudi.

3. Ujuzi usikae mikononi mwa mtu mmoja. Hapa mnivumilie kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kitengo cha vichwa vikubwa na mgongo wazi nilichokuwa nikikiongoza, ni mimi peke yangu niliyefanya upasuaji wa endoskopu, yaani kifaa chembamba chenye kamera kinachoingizwa kichwani kuyatobolea njia maji yaliyojaa, na niliamini kwamba kwa kutomwachia mwingine nilikuwa nawalinda watoto. Msaidizi wangu alikuwa amenishikia kamera zaidi ya mara arobaini bila kupewa hata siku moja nafasi ya kuiingiza endoskopu mwenyewe. Nilipokwenda kijijini kumzika mama yangu, akaletwa mtoto wa miaka miwili na nusu, utosi umekwisha funga, anatapika kila asubuhi. Msaidizi akanipigia simu akiomba amwekee shanti, yaani mrija wa kuyatoa maji kichwani, kazi aliyoimudu vizuri kabisa. Nikamjibu, "Shanti itaziba, na kwao ni mbali. Nisubirini."

Siku ya tatu akapiga tena. Alisema sista wa wodi amemwona mtoto akikitafuta kikombe cha uji kwa kupapasa, badala ya kukifuata kwa macho. Nilikuwa nimeketi na waombolezaji. Niliyasikia maneno hayo, nikaelewa maana yake, na bado nikasema wangoje. Nilifika siku ya sita. Upasuaji ulikwenda vizuri, maji yakapata njia, kutapika kukakoma, lakini macho hayakurudi. Saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa wodini, mtoto yule alimwomba mama yake awashe taa.

Sista alikuwa ameona, na msaidizi alijua la kufanya na aliliweza. Aliyekosea ni mimi, niliyejenga kitengo ambacho hakuna aliyethubutu kuamua nisipokuwapo.

4. Mrithi huandaliwa mkubwa akiwa bado yupo. Benjamin Warf, Mmarekani, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, alihamia Mbale, Uganda, mwaka 2000, akaendeleza upasuaji wa endoskopu unaotoboa njia ya maji na kuchoma tishu zinazoyatengeneza, kwa kuwa shanti ikiziba kijijini mtoto anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitali. Aliporudi Marekani mwaka 2006 kazi haikusimama, kwa sababu Daktari John Mugamba, Mganda aliyefanya kazi bega kwa bega naye, aliiendeleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha shanti na endoskopu kwa watoto 100 wa chini ya miezi sita, ulifanyika hapo hapo Mbale, na baada ya mwaka mmoja ukuaji wa akili wa makundi hayo mawili haukutofautiana sana. Niliusoma nikiikumbuka shanti niliyoikataa.

5. Ukimpigia simu mkubwa wako, anza na unachotaka kukifanya, ndipo umweleze historia ya mgonjwa. Na akikataa ilhali unamwona mtoto anazidiwa mbele yako, mwamshe mkubwa mwingine, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama mkubwa aliyekataa ni mimi.

Keshokutwa tuna watoto watatu kwenye orodha. Endoskopu ataishika mmoja wenu, kamera nitaishika mimi, na kwenye raundi ya asubuhi atakayeanza kuzungumza ni sista wa zamu ya usiku.