Togwa ikichemshwa tena, faida yake inabaki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Songea, nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mama mkwe hututengenezea togwa ya mahindi kwa kimea cha ulezi. Mimi kwa kuogopa kuhara huichemsha tena kabla ya kumpa mtoto. Nasikia vyakula vilivyochachuliwa husaidia tumbo kwa sababu ya bakteria hai. Je, nikichemsha nimeua faida yote? Na maziwa mgando nayo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bakteria unawaua, ndiyo. Wale wa asidi ya laktiki hawahimili kuchemka. Lakini faida yote haiondoki nao. Kimea kimeshavunja wanga, ndiyo maana togwa ni nyepesi hata ikiwekwa unga mwingi, na mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula zaidi kwa kikombe kilekile. Faiteti, inayoshikilia madini ya chuma na zinki ndani ya nafaka, nayo imepungua. Asidi pia inabaki.

Ila kwa togwa iliyoiva vizuri, sioni haja ya kuirudisha jikoni. Ukali wake ndio ulinzi: pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 4, vijidudu vingi vya kuhara hushindwa kuzaliana. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg, walichapisha mwaka 1994 utafiti ulioonyesha kuwa watoto waliopewa uji uliochachuliwa waliharisha kwa uchache kuliko waliopewa uji wa kawaida. Utafiti huo ulifanyika hapahapa nchini, na nasikitika kuona akina mama wengi wanaiacha togwa wakidhani uji wa pakiti ndio wa kisasa.

Hofu yako ielekeze kwenye kimea. Kinaingia baada ya uji kupoa, kikiwa kibichi, na kinaweza kuja na uchafu wake. Saa za mwanzo asidi bado ni ndogo, kwa hiyo usimpe mtoto togwa iliyokaa saa mbili tatu tu ambayo bado ni tamu tupu. Mwambie mama aongeze togwa kidogo ya jana iliyokolea, ichache haraka, ilale usiku kucha chombo kikiwa kimefunikwa. Maji ya kuongezea yawe yamechemshwa.

Na kimea chenye ukungu kitupwe, mahindi yenye ukungu vilevile. Hapa siweki "labda". Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haimalizwi na kuchemsha wala kuchachua. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Maziwa ni kinyume. Yachemshe kwanza, yakiwa mabichi, kwa sababu kugandisha peke yake hakutoshi kuua vijidudu vya brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) au vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yakipoa hadi uvuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri. Yakishaganda usiyachemshe tena. Watu wazima ambao maziwa huwajaza gesi mara nyingi huyamudu mgando, kwani bakteria wameshakula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa.

Kuhusu tumbo kwa jumla: mwaka 2021 watafiti wa Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima 36 wenye afya. Waliokula vyakula vilivyochachuliwa kwa wingi kwa wiki 10 waliongeza aina za bakteria utumboni, na viashiria kadhaa vya uvimbe (si vivimbe, bali mwili kuwaka kwa ndani) vilivyopimwa kwenye damu vikapungua. Ni kundi dogo, lakini matokeo yana maana. Bakteria hao wengi hupita tu bila kuweka makazi, kwa hiyo kikombe cha kila siku kinafaa kuliko lita nzima Jumapili.

Kwa mtoto anza na vijiko vichache, uone anavyopokea. Akiharisha, togwa si dawa: mpe maji ya ORS na zinki, endelea kumnyonyesha, na ukiona damu kwenye choo, macho yamezama au hanywi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.